Pua Iliyorudi Vibaya

Mimi najisifuga, sikatai. Kwetu kijijini Buswahili mihogo michungu huvundikwa kwanza: unaimenya, unaianika kidogo, unairundika na kuifunika majani mpaka iote ukungu, ndipo unaikwangua na kuianika tena upate udaga. Ukifumua rundo mapema, sumu inabaki. Cha kukuambia limeiva ni pua. Mama alikuwaga bingwa, nami nilijigamba kwa majirani kwamba pua yake nimeirithi.

Kisha nikaanguka na pikipiki pale Bunda, nikagonga kisogo. Jeraha lilipona, ila harufu zote zikapotea. Kwa miezi nilikula ugali na sato kama natafuna karatasi. Asubuhi moja nikasikia harufu ya moshi jikoni, nikalia kwa furaha. Nikamwambia mama, ambaye miguu imeshamgomea, kwamba pua imerudi na rundo aniachie mimi.

Nikairundika mihogo, na siku ya pili tu rundo likanuka uchachu mkali, ule wa kuiva kabisa. Ukungu ulikuwa haba, lakini nani angeniambia kitu? Nikafumua, nikaanika, nikapeleka mashine, nikasonga ugali. Mimi chakula kilikuwa bado hakinipendezi, nikajilia ndizi. Mama akala. Haikupita muda akaanza kutapika, kichwa kikimzunguka, macho yamelegea. Tulimpakia kwenye gari la jirani hadi Musoma. Njia nzima nilisali rozari, nikipotea na kuanza upya, kwa hofu.

Alipotulia, nilimsimulia daktari habari za pua yangu, naye akanieleza. Juu ndani ya pua kuna chembe za neva, kila moja na harufu zake inazozitambua. Nyuzi zake hupenya vitundu vya mfupa kwenda kwenye ubongo, nao ubongo huangalia zipi zimeamka pamoja, ndipo unajua huyu ni samaki, huu ni moshi. Nilipoanguka nyuzi zilikatika. Huota tena, alisema, lakini nyingine hukosea mlango, na kitu kibichi kikanuka kama kilichochacha. Nilimkasirikia, maskini, kana kwamba yeye ndiye aliyezikata.

Nikarudi kukaa kitandani kwa mama. Nilimuuliza kama ule ugali haukuwa na uchungu.

"Ulikuwa mchungu, mwanangu," alisema. "Lakini si ulisema umenusa?"