Tripu za Shomoro

Baba yangu aliendesha lori la mchanga mpaka mgongo wake ulipogoma. Daktari aliposema basi, usukani aupe kisogo, baba alirudi nyumbani akashika tama kwenye kiti cha sebuleni. Ukimwambia chakula tayari, "Sawa." Ukimwambia nyumba inaungua, nadhani pia angesema "Sawa." Niliogopa. Mtu aliyezoea kufokea barabara nzima akinyamaza, nyumba yote inapoa.

Kilichomwinua ni ndege. Siku moja alichukua madumu matupu ya mafuta ya kupikia, akayatoboa ubavuni, akayatundika bustanini na kuyatia mtama. Shomoro wakaja. Wakaja tetere, wakaja chiriku na kelele zao, na baba akarudiwa na sauti.

"Leo wamekuja zaidi ya mia!" alimtangazia mama, kifua mbele.

Mama ni karani wa stoo. Anahesabu mifuko ya saruji, na hajawahi kukubali hesabu ya mtu mwingine, hata ya benki. Akachungulia dirishani. "Hao mia wako wapi? Mbona naona saba?"

Ndipo tulipogundua kwamba baba anahesabu tripu. Shomoro akitua, moja. Akiruka na kurudi, mbili. Machimboni ndivyo ilivyo: lori moja likija mara tano, zinaandikwa tano.

"Mume wangu, huyo ni shomoro mmoja mwenye njaa," mama alisema. "Unahesabu waliopo kwa pamoja, basi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Baba alinuna hadi usiku.

Lakini mama alikuwa na kesi nyingine, nzito zaidi. Mtama uliomwagika ulileta panya, na panya wakaingia jikoni. Mama hana mchezo na panya. Akatoa amri madumu yashuke. Baba alibembeleza, mama akakaza, mwisho akalegeza kidogo: Jumapili asubuhi waonekane ndege ishirini kwa mpigo mmoja, la sivyo yanashuka. Alitaja ishirini akijua fika kwamba hawajawahi kupita kumi na wawili. Mimi nikateuliwa refa, kwa kuwa ndimi mtoto pekee niliyebaki nyumbani. Refa gani! Nilikikumbuka kile kiti cha sebuleni na ile "Sawa" yake, nikajua niko upande gani.

Baba akalivalia njuga jambo lile. Alitandaza turubai chini ya madumu na kulikung'uta kila jioni, panya wakakosa riziki, wakahama. Akaweka beseni la maji karibu na ua. Akamkataza fundi bomba wa nyumba ya pili kupiga mluzi. Mgongo ulimuuma, akalalamika kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, na mimi nilifurahi kuisikia.

Jumapili tukasimama dirishani. Shomoro waliingia kwa mafungu, wakagombana, wakajaa. Kumi na watano. Kumi na saba. Tetere wawili wakatua kwa uzito wao. Baba alihesabu upya. Kumi na tisa. Nikahesabu na mimi, tena kwa upendeleo wa wazi. Kumi na tisa.

"Haya," baba akasema polepole. "Nitayashusha mwenyewe."

Mama alikuwa nyuma yetu na kikombe cha chai. Angenyamaza tu, ushindi ulikuwa wake. Lakini kidole chake kilishaanza kwenda hewani kama awapo stoo, safu kwa safu.

"Ishirini na mmoja," alisema.

"Nini?"

"Kuna chiriku wawili nyuma ya beseni, mmoja kamziba mwenzake. Nyie mnahesabuje? Hata kushindwa hamjui!"

Tukainama. Walikuwepo, wote wawili, wanapiga soga bila habari. Baba alipiga ukelele, ndege wakatimka wote kwa pamoja, akamkumbatia mama na chai ikamwagika. Alicheka kile kicheko cha barabarani nilichodhani kimestaafu pamoja naye. Machozi yalinitoka na sikujali nani ananiona.

"Nimejifunga mwenyewe," mama alisema, akijipangusa gauni. Hata yeye alishindwa kununa.

Hawakuondoka pale dirishani. Bustani ilikuwa tupu, madumu yakiyumba. Kisha shomoro akarudi, akatua ukingoni.

"Mmoja," baba akasema.

Mama akainua kidole, akahakikisha.

"Mmoja," akakubali.