Presha Niliyokataa Kuongeza

Siku yangu ya kwanza katika gereji ya Nyamityobora, mjini Mbarara, Foromani, msimamizi wa mafundi, alinipa beseni la mafuta ya taa na lundo la vyuma vichafu. Akanitazama toka kichwani mpaka viatuni, akaniita nyabo, yaani mama, kama wanavyoita wanawake huko.

"Nyabo, wewe mkimbizi, tena mwanamke. Osha tu. Injini wachia wanaume."

Nilikuwa nimetoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale asubuhi ile juu ya roli la ndizi. Kwetu Kivu Kusini, kule Kongo, nilikuwa nimefungua injini za maroli pamoja na baba yangu, lakini sikubishana. Niliosha. Fundi wa injini alipohamia Kampala, nilisimama fasi yake kabla hawajamtafuta mwingine, na hawakunitoa.

Ninyi vijana mnakimbilia kubadilisha kila kitu. Sisi tulianza kwa kujua injini ya kiwandani inaweza kubeba nini. Siku zile kulikuwa na vigari vya Kijapani vya milango mitatu, vyenye turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa nyingi ndani ya injini. Ungedhani ni vya kuendea sokoni. Kumbe bloku zake, yaani mwili wa injini, zilikuwa za chuma kizito, na bieli, vile vyuma vinavyoshika pistoni, ambavyo mafundi wa Mbarara waliviita konrodi, vilivumilia sana. Ukiweka plagi nzuri na kipoza hewa kikubwa, ungeweza kupandisha presha ya turbo mbali kuliko kiwanda kilivyoiweka, bila kugusa pistoni. Lakini kulikuwa na mwisho. Ukiupita, injini inaanza kugonga kama mawe ndani ya kopo, na bieli ikikatika barabarani inatoboa bloku, mafuta yanamwagikia magurudumu, gari linateleza.

Mfanyabiashara mmoja wa maziwa alituletea kigari kama hicho. Jumapili alishindana nacho. Siku nyingine alikitumia kupeleka watoto wake shule kwa barabara ya Biharwe, kwa mbio zile zile. Nilikipandisha mpaka pale nilipokuwa na uhakika. Kiliruka kama swala. Akarudi kabla ya mashindano makubwa.

"Ongeza tena, nyabo."

"Imefika, bwana. Zaidi ya hapa ni bahati."

"Gari ni yangu."

"Ndiyo, yako. Na batoto benye kukaa nyuma? Tutoe kiti cha nyuma, ikuwe gari ya mashindano tu, nitaongeza leo hii."

Hakutaka. Foromani akachukua bisibisi, akaongeza mwenyewe.

Yule bwana alishinda. Injini haikugonga hata kidogo. Gereji nzima ilinicheka, na Meneja wa gereji akaniita mbele ya wote.

"Omba msamaha kwa mteja. Uliinyima gari yake nguvu."

"Sina msamaha wa kuomba. Nilikataa, na kesho nitakataa."

"Basi rudi kambini kwako."

Nilifunga spana zangu ndani ya kitenge, nikarudi. Nakivale nilianza kutengeneza mashine za kusaga na pikipiki chini ya turubai, kisha magari, na watu wa Mbarara wenyewe wakaanza kunifuata. Hakuna aliyeniambia tena nioshe tu.

Sasa nimeacha kazi. Macho hayaoni tena nyuzi za bolti. Wajukuu wangu wanapenda nimalizie kwa injini ile kupasuka. Sijui kama ilipasuka. Pengine inatembea mpaka leo, na sitaivunja mdomoni mwangu ili nionekane nilikuwa sahihi. Watoto wale walikuwa wadogo, hawakuulizwa na mtu. Mimi niliwaulizia. Anayetaka kucheka, acheke.