Waya wa Kuonea Mikono

Mama yangu ni kiziwi tangu utotoni, na matusi yake yote huyatoa kwa mkono wa kulia. Enzi za kutegemea bando la simu, mkono ule haukupumzika. Alikuwa akiongea kwa video na rafiki yake waliyesoma naye shule ya bweni ya viziwi, ambaye sasa anaishi Mwanza kwa mwanawe, na kila mazungumzo yalipokolea picha iliganda. Sisi tunaosikia, mtandao ukiyumba tunapoteza neno moja na kulidaka mbele ya safari. Lugha ya alama haina huruma hiyo. Mkono ukiganda hewani hujui ulikuwa unaelekea kwenye paji la uso au kifuani, na maana yote iko huko ulikokuwa unaelekea. Mama aliutazama mkono wa mwenzake uliosimama, akasubiri, akasubiri, kisha akanigeukia na kuniambia kwa alama: "Mtandao umekwama." Baada ya hapo yakafuata matusi.

Ingekuwa kero tu kama kero nyingine za mjini, tungezoea. Lakini yule rafiki alikuwa anapoteza macho. Daktari alimwambia ni ugonjwa unaowapata baadhi ya viziwi: macho yanajifunga taratibu kutoka pembeni kuja katikati, na mwisho wake ni giza. Yeye mwenyewe alimweleza mama kwamba anaona kama anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Basi mama akajifunza kukaa mbali na simu, viwiko vimebana mbavuni, alama zake zote akizifanyia mahali padogo mbele ya kifua ili zienee kwenye lile tundu. Halafu picha inaganda.

Watu waliniuliza kwa nini nisimpeleke Mwanza. Mama alivunjika nyonga, hawezi kukaa kwenye basi hata kutoka hapa Songea mpaka Njombe. Na yule mwenzake aje na nani, kwa macho yapi? Wengine walisema si wewe upo, binti yake, ongea naye wewe. Mimi alama zangu ni za jikoni: njoo, kula, nani amekuja, dawa umekunywa? Akiwa na rafiki yake, mama alikuwa akicheka mpaka anashika meza. Akiwa na mimi hajawahi kucheka hivyo, na sitaficha kwamba iliniuma.

Kwa hiyo nguzo za mkongo wa intaneti zilipofika kwetu Lizaboni, nilikuwa wa kwanza mtaani kwetu kwenda kuomba. Nina duka la steshenari kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya mama, la kutoa kopi na kuchapa barua, na kwenye maombi nikasema ni kwa ajili ya biashara. Biashara ipi! Kopi hazihitaji mkongo.

Mafundi walikuja wawili na ngazi. Mkubwa wao akamwamkia mama, "Shikamoo mama," mama akaendelea kuchambua maharage.

"Hasikii," nikamwambia.

"Ah, pole sana."

"Pole hajaomba. Ameomba mtandao."

Akacheka, wakafanya kazi, tena vizuri. Walivuta waya mweusi, mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo, kutoka barabara kubwa hadi nguzo iliyo kwenye kona ya uzio wa jirani, na kutoka hapo hadi dirishani kwetu, wakabandika kisanduku cheupe ukutani. Mama aliuliza kuna nini ndani ya waya. Nikamwambia kuna uzi wa kioo, na picha inapita humo kama mwanga. Alikubali upesi kuliko mimi nilivyokubali nilipoambiwa. Mtu ambaye maisha yake yote maneno yanamjia kwa macho, mwanga haumshangazi.

Kisha wakaanza kukusanya vyombo vyao.

"Mbona hauwaki?" nikauliza.

"Bado kuunga, dada. Sisi kazi yetu kuvuta. Kuunga ni wenzetu, wana mashine yao. Uzi wa kioo hauungwi kwa solotepu kama waya wa redio."

"Mashine iko wapi?"

"Iko Tunduru, kuna kazi huko upande wa Namasakata. Ikirudi tu, unaungwa. Kawia ufike, dada."

Waya wa ziada waliuviringisha, wakaufunga pale kwenye nguzo ya kona, chini kidogo, usawa wa mkono wa mtu, ili fundi wa kuunga akija asipate taabu ya kupanda. Ndivyo wanavyofanya kila mahali. Nilikuwa nikipita pale naukuta umetulia kama kata ya kubebea ndoo, nikaambiwa Jumatatu, nikaambiwa wiki ijayo, nikaambiwa mashine imerudi ila fundi amefiwa, nikaambiwa fundi amerudi ila mashine imepelekwa Mbinga. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu liliuma kwelikweli. Kila nilipopiga simu mama alinitazama mdomo, na nilipokata nilipandisha mabega. Baadaye aliacha kutazama.

Kipupwe kikaingia, na Songea ya mwezi wa sita si mahali pa kufia. Jirani yetu mwenye ule uzio akafariki, mzee wa watu, aliyekuwa akimpungia mama mkono kila asubuhi kwa heshima zote. Mtaa mzima tukahamia kwake. Jumuiya wakaja kusali, akina mama tukaleta unga na maharage, na mama, ambaye kwenda msibani hawezi kwa sababu ya nyonga, akanielekeza nitoe kuni zetu zote zilizokauka, yale magogo makubwa tuliyoletewa kutoka Mpitimbi, niwapelekee wanaume wakeshe kwenye moto. Nikazipeleka kwa toroli. Wanaume wakatafuta mahali pasipo na upepo, na mahali pasipo na upepo kwenye uwanja ule ni kona ya uzio, chini ya nguzo.

Asubuhi nilikwenda kusaidia kupika uji, nikaona. Ule mviringo haukuwepo. Palikuwa na kitu cheusi kimening'inia, kimeyeyuka na kuganda tena, na vipande vingine vimedondokea kwenye majivu. Wazee wanne walikuwa bado wamekaa pale na makoti yao, wanaota moto wa kuni zetu.

Ungekuwa wewe ungesema nini? Marehemu yuko ndani hajazikwa. Mjane amelala kwenye mkeka. Nisimame pale nidai waya? Mzee mmoja aliona ninavyotazama juu, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ule haukuwa wa umeme, sivyo? Tulinusa harufu ya plastiki tukasema labda ni ndala ya mtu."

"Haukuwa wa umeme, baba," nikasema.

"Afadhali."

Nikaenda kukoroga uji. Nilikoroga nikilia, na wanawake wenzangu wakaniambia jipe moyo, mzee amekwenda pazuri. Nikaitikia, nikaendelea kukoroga, maana kilio kilikuwa kimepata kibali na mimi nilikuwa nacho cha kulilia.

Baada ya mazishi fundi wa kuunga akafika na ile mashine. Kweli, alifika. Akasimama chini ya nguzo, akatazama juu, akatazama majivu, akapiga picha. Akasema kipande chote kuanzia barabarani kibadilishwe, na waya wa aina hiyo umekwisha stoo mpaka uletwe kutoka Dar. Sikumtukana, hakuwa na kosa. Mtu wa kumlaumu sikumpata.

Mvua zikaja, mahindi yakapandwa, yakapaliwa. Mazungumzo ya simu yakapungua. Mkwe wa yule rafiki, mke wa mwanawe, anayesikia na asiyejua alama zaidi ya chakula na maji, alikuwa akinitumia ujumbe: leo mama amechoka, leo amelala mapema, leo hajisikii kukaa mbele ya simu. Nilimtafsiria mama. Alisema basi wasimsumbue, angoje waya.

Waya ulikuja karibu na Pasaka. Safari hii nilimsimamia fundi kwa macho yangu mpaka mwisho. Alikaa sebuleni akachuna ganda jeusi, akachuna jingine jeupe, akabaki na kitu ambacho karibu hakionekani, akakifuta kwa spiriti, akakikata, akakilaza kwenye mashine. Kwenye kioo kidogo tuliona ncha mbili zikisogeleana. Pakatokea cheche ndogo, zikawa kitu kimoja. Mama alikuwa ameinama karibu naye, hapepesi macho, akaniambia jambo.

"Mama anasemaje?" fundi akauliza.

"Anasema una mikono mizuri."

Taa nyekundu ya kisanduku ikageuka kijani. Mama akavua kitenge cha kazi, akavaa cha kanisani.

Mkwe alipokea mara moja. Picha ilikuwa safi, sijapata kuona. Niliona nyuzi za kitambaa cha kiti alichokalia yule rafiki, niliona mishipa ya mikono yake iliyotulia magotini. Mama akaanza papo hapo, kwa mikono mipana, mikubwa, ya zamani, akimsimulia waya, nguzo, msiba, moto, na uji niliokoroga. Hakuna mkono ulioganda. Hata mimi nilielewa karibu yote.

Sauti ya mkwe ikatoka kwenye spika, ya chini. "Dada, unanisikia? Nilishindwa kuwaambia. Mama haoni. Hata taa haioni tena." Nilisikia mimi peke yangu. Mama, katika kusimulia kwake, alikuwa amefika kwenye majivu.

Mkwe akamgusa mama mkwe wake begani. Yule rafiki akainua mikono, uso ameuelekeza pembeni, dirishani, akauliza: "Upo?"

Mama akajibu: "Nipo."

"Upo?"

"Nipo, nipo hapa."

Yule rafiki akangoja kidogo, akauliza tena vilevile, kisha akarudisha mikono magotini, akatulia kabisa. Mama akaitazama ile mikono iliyosimama. Akasubiri, akasubiri, kisha akanigeukia.

"Mtandao umekwama."

Nikaitazama taa ya kijani ukutani. Nikamwambia, kwa alama zangu hizi za jikoni, kwamba mtandao haujakwama.