Mpaka hina aliyelizwa na kifuniko cha mkebe

Saa tisa alasiri, chumba cha juu katika nyumba moja ya Kizingo kinanukia hina na ndimu. Bi Mwanakuu Athmani ameketi mkekani, miwani imemshuka puani, na mkono wa bibi harusi uko mapajani mwake, hautulii.

"Nabiha, mwanangu, ukicheka tena ua hili litakuwa kaa," anamwonya.

Nabiha anacheka. Amesikia, kama walivyosikia wengi Mombasa, kwamba wiki iliyopita fundi wake huyu alikwenda kutazama picha, akarudi kukuta matanga nyumbani kwake.

Bi Mwanakuu ana umri wa miaka hamsini na miwili, na maharusi anaowapaka siku hizi ni mabinti wa wale aliowapaka zamani. Harusi moja humpa shilingi mia nane, zikishatoka za hina na za rangi nyeusi ya piko hubaki za kutia chunguni. Lakini hilo si linalomuuma.

"Mchoraji gani mimi, kazi yangu yaoshwa pamoja na masahani?" anauliza.

Vifaa vyake huviweka katika mkebe wa biskuti aliorithi kwa marehemu mamake, Mejumaa, aliyekuwa akifua nguo za Wazungu hapa hapa Kizingo. Kwenye kifuniko pana picha ya kale ya mwanamke aliyeinamia beseni. Uso upo, kilemba kipo, beseni lipo. Mikono haipo. Hapo ndipo mtu huweka kidole gumba akitaka kufungua, na vidole gumba vya mama na mwana vimeila rangi yote hadi kwenye bati.

"Uso wa yule mwanamke naujua kuliko wa wifi yangu," asema. "Lakini mimi ni mtu wa mikono, na mikono yake sijapata kuiona. Yuwaosha nini? Yuwaoshaje? Miaka yote hiyo najiuliza."

Basi picha za kale kutoka Ulaya zikaletwa Mombasa, zikatundikwa kwa wiki mbili katika nyumba moja ya ghorofa Mji wa Kale. Bi Mwanakuu akapita mlangoni, akaona tangazo, na kwenye tangazo akamwona mwanamke wake! Kwa bahati mbaya aliyelitengeneza alikuwa amemkata mabegani.

Alhamisi akavaa buibui lake jipya, akaingia.

"N'likwenda kutazama picha," asema. "N'kamkuta mtu."

Picha ilikuwa kubwa kama mlango. Mikono ilikuwa myekundu, vidole vimevimba kwa maji, ukucha mmoja umepasuka. Kwenye kiwiko palining'inia tone la maji, na Bi Mwanakuu anaapa kwamba alinyoosha ncha ya buibui ili alidake. Ilikuwa mikono ya mfuaji. Ilikuwa mikono ya mamake, ukucha na yote. Akaanza kulia, na kilio kikakataa kukoma.

Kalama, askari wa mlangoni, alikuwa amezoea wageni wanaopiga miayo.

"Nikamwuliza, Mama, umefiwa? Akaitikia kwa kichwa," anasimulia. "Nikamwuliza, umefiwa na nani? Akanyoosha kidole kwenye picha. Nikatazama, naona Mzungu. Nikasema, huyu mama msiba umemchanganya."

Kalama akampa kiti chake, akatoka barabarani kutafuta mtu anayemjua. Akamkuta Swabaha, jirani ya Bi Mwanakuu, anarudi kutoka Biashara Street na kanga zake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Mimi ningeuliza nini zaidi?" Swabaha anajitetea. "Mtu yuwalia hata kusema hawezi, na mumewe yuko bandarini Mbaraki chini ya winchi zile. Ungefikiri nini weye?"

Mji wa Kale msiba haungojwi. Hutandikwa mikeka kwanza, maswali baadaye. Bi Mwanakuu hajamaliza kupangusa machozi, mtaani kwake birika ziko motoni na wanawake wamejaa hadi ngazini.

Mumewe, Jaffar, akatoka kazini, akaona watu. Akafanya kama afanyavyo muungwana yeyote: akavua viatu, akaketi ukingoni mwa baraza, akainua mikono akasoma Fatiha. Akapewa kahawa. Ndipo akamnong'oneza mzee aliyekuwa karibu naye, mtu wa mtaa wa pili asiyemjua yeye kwa sura, amwambie ni nani aliyefariki.

"Akanambia, 'Yuwaitwa Jaffar,'" asema Jaffar. "'Mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini alikuwa na mkono wa birika.' Kufa nimesamehe. Hilo la birika bado."

Bi Mwanakuu alipofika, wanawake walimwinukia. "Makiwa, shoga! Makiwa!" Yeye akatazama kule wanaume walikoketi, akamwona mumewe na kikombe mkononi. Wakageuka nao, wakamwona. Mayowe yaliyopigwa hapo yangetosha matanga matatu.

"Basi aliyekufa ni nani?" Swabaha akauliza.

"Mamangu," akajibu Bi Mwanakuu.

Mejumaa alizikwa mwaka 1977, miaka ishirini iliyopita, na baadhi yao walikuwako. Bi Mwanakuu hakuwako. Siku ile alikuwa Malindi akimpaka bibi harusi, na alipofika, kaburi lilikuwa limeshamwagiwa maji. Akaambiwa asilie, wageni wako njiani, mchele haujachambuliwa. Akachambua mchele.

"Wageni wakenda zao, na kilio nacho kikenda zake," asema. "Alhamisi kimerudi."

Bibi aliyesimamia birika akasema kahawa imeshachemka, haimwagwi. Wakaketi tena. Wakamsomea Mejumaa, na waliomjua wakamlia. Jaffar mwenyewe akagawa kahawa kwa ukarimu wa kutisha: kikombe cha pili kwa kila mtu, na cha tatu kwa yule mzee wa birika.

Maonyesho yatafungwa Jumapili. Jumamosi Bi Mwanakuu atarudi, safari hii na Jaffar, Swabaha na wengine wanaotaka kumwona "marehemu" kwa macho yao. Kalama ameahidi kuweka viti zaidi.

Bi Mwanakuu ana mpango. Amenunua rangi ya mafuta, ile ya kuandikia vibao vya maduka, ili airudishe mikono kwenye kifuniko. Si ya yule Mzungu. Ya Mejumaa. Itakuwa kazi yake ya kwanza isiyooshwa na maji, na anaogopa.

"Hina nikikosea nasubiri siku kumi, yafutika," asema. "Hii nikikosea n'takuwa nimemkosea mamangu daima. Ndipo nikataka nikaitazame tena."

Hina imepungua bakulini. Anauvuta mkebe, anaanza kuufungua kwa upande wa pili, kwa mkono wake wa kushoto ulio mzito, kidole gumba mbali na beseni. Kifuniko kinamponyoka. Ndimu zilizokuwamo zinabingirika hadi mlangoni, na Nabiha anacheka tena.

"N'tazoea," anasema Bi Mwanakuu.