Unyoya wa Baba

Josho la ng'ombe la kijiji chetu, nje kidogo ya Bariadi, lilikauka miaka ile ya soko huria. Serikali iliacha kuleta dawa ya kupe, na maduka ya mjini yakaanza kuiuza katika vichupa vidogo ambavyo ungedhani ni manukato. Baba hakuwa mtu wa kulalamika. Alichukua unyoya wa kuku, akauchovya katika dawa, akawapaka ng'ombe ndani ya masikio na chini ya mkia tu. Kupe wanajazana huko, alisema, sasa ya nini kumwosha ng'ombe mzima? Mimi, bintiye wa kwanza, ndiye niliyeshika kamba, na mateke niliyokula sijayasahau.

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, baba aliota uvimbe shingoni, chini kidogo ya sikio. Kwetu kila mfugaji anajua kwamba ndama akivimba hapo ni ndigana, na ndigana inaletwa na kupe. Baba akajikagua, hakuona kupe, lakini hakukubali kushindwa. Mama alimkuta nyuma ya zizi akijipaka shingoni dawa ya ng'ombe, kwa unyoya uleule. Alimnyang'anya akauvunja. Tulicheka siku nzima, hata baba mwenyewe. Wiki chache baadaye uvimbe ulikuwa mkubwa kama yai, na hakuna aliyecheka tena.

Hospitali walikata kipande wakapima. Ilikuwa saratani ya tezi. Inaweza kupona, walisema, ila lazima amalize dripu sita, na dripu zenyewe ziko Dar es Salaam. Tukawa tunapanda treni kituo cha Malampaka, yeye na mimi, tunakwenda na kurudi. Baada ya dripu ya tatu uvimbe ulikuwa umepungua nusu, lakini nywele zote zilikuwa zimekwisha, na mdomo ulijaa vidonda hata uji ukamshinda. Akasema hapandi treni tena.

Mama alimbembeleza, katekista naye akaja kumbembeleza. Mimi hasira zangu ziko karibu; nilimwambia anaogopa dripu kuliko ndama anavyoogopa sindano. Siku ya tatu akasema atakwenda mara moja tu, ana swali la kumuuliza daktari.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye haraka zake, foleni imejaa mpaka nje. Baba akaketi, akamsimulia habari yote ya unyoya, masikio na mikia, nami nikatazama sakafu kwa aibu. Kisha akauliza:

"Ugonjwa uko shingoni, daktari. Kwa nini mnaniosha mwili mzima?"

Daktari aliweka kalamu chini.

"Mzee, unyoya wa kufika hapo peke yake hatuna. Tungekuwa nao tungeutumia. Tulichonacho ni kuosha."

Baba akakunja mkono wa shati. Ndani ya treni aliniambia kwamba wauza dawa wote wa Bariadi wana kila kitu. Huyu ndiye wa kwanza kumwambia hana. Alimaliza dripu zote sita.

Sikupata kumwona daktari yule tena, lakini namshukuru kila ninapovaa koti la maabara. Kazi yangu sasa ni kutengeneza chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho. Tunazijaza dawa na kuzifunika kwa ganda linalostahimili damu lakini linafunguka penye uchachu, kwa kuwa uvimbe wa saratani mara nyingi una uchachu uliozidi kidogo ule wa sehemu nyingine za mwili. Likizo iliyopita nilimweleza baba. Alielewa upesi kuliko wanafunzi wangu. Mtu aliyekunywa maziwa mgando maisha yake yote anaujua uchachu.

"Basi unyoya mmeupata," alisema.

Nikamwambia wetu bado tunaujaribu kwa panya, na si wote wanaopona. Huenda ikachukua miaka mingi kabla ya kumfikia mgonjwa. Niliona aibu, maana nilitamani kumletea kitu kilichokamilika. Akajipapasa shingo, pale palipobaki kovu, akaniita mayu, yaani mama, kama anavyoniita akiwa na neno zito.

"Endeleeni kuutafuta, mayu. Ila hao wanaoosha, waambie wasiache. Mimi niko hapa kwa kuoshwa."