Wobbina na Jozi Zilizokataa Kupungua

Baridi ya Groningen asubuhi ile ilikuwa kali hata baiskeli ya Wobbina Mellema ikapiga chafya darajani, na ukibisha, nenda kaiulize mwenyewe. Wobbina hakujali. Alikanyaga kama mtu anayefukuzwa, maana leo ndiyo siku aliyowekewa na Profesa Tammenga: hesabu zake za osmi zikilingana na vipimo, kazi ni yake, zisipolingana, osmi yote inapelekwa kwa watu wa mji mwingine.

Osmi ni madini mazito kuliko risasi, na kiini cha atomu yake kimesheheni chembe, yaani protoni na nyutroni. Ukizifuata moja moja utazeeka hujafika nusu. Basi pale maabara kwa Tammenga waliziozesha. Chembe mbili ni jozi, jozi ni kitu kimoja, wakakiita bosoni. Chembe hukaa kwa matabaka, na za matabaka yaliyojaa huachwa zilale. Za tabaka la nje ndizo zinazocheza, na kadiri jozi zinavyozidi, ndivyo ngazi ya kwanza ya nishati inavyoshuka.

Kwa osmi nyepesi, zenye nyutroni chache, Wobbina alipatia vizuri. Akaongeza nyutroni, ngazi ikashuka, vipimo navyo vikashuka. Lakini kwa zile nzito, vipimo viligeuka vikapanda, hesabu yake ikazidi kuzama.

Alipoingia chumba cha kahawa, alikuta viti vimepangwa duara. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Eltjo, fundi wa vipimo, na kwao mwenye siku ndiye anayeleta keki. Wobbina akazunguka, kama desturi yao, kumpongeza kila mtu kwa ajili ya Eltjo, mkono kwa mkono.

"Ngazi yako leo imeshuka mpaka wapi?" Eltjo akamchokoza. "Mfereji wa maji machafu?"

"Kata keki, bwana we. Mashine yako ndiyo inayopanda bila ruhusa."

"Mashine yangu haidanganyi. Mimi ndiye ninayedanganya, tena umri tu."

Profesa Tammenga akachungulia mlangoni na mgeni wake. "Viti vingapi vimebaki?"

"Viwili," wakamjibu.

Wobbina, keki mdomoni, akalitazama duara. Hakuna aliyehesabu waliokaa. Duara likikaribia kujaa, watu huulizia nafasi. Na tabaka la nje ni vivyo hivyo: likipita nusu, unahesabu jozi za mapengo, ambazo huzidi kupungua, si za chembe. Kanuni hiyo aliijua, na kwa protoni aliifuata. Kwa nyutroni, kwa kuwa alianza na osmi nyepesi, mkono ulizoea kuongeza, ukaongeza tu mpaka ukavuka nusu bila kugeuka.

"Anakwenda wapi na sahani yangu?" Eltjo akauliza, lakini Wobbina alikwisha fika ukumbi wa kompyuta.

Akatoboa kadi mpya, akailisha mashine, akasimama mbele yake kama mama mkwe anayesubiri mjukuu. Karatasi ikaanza kutoka. Ngazi ikashuka, ikashuka, kisha ikageuka ikapanda, bega kwa bega na vipimo vya Eltjo. Wobbina aliruka juu hata taa ya darini ikahama mahali pake, na mpaka leo haijarudi.

Profesa Tammenga aliisoma karatasi huku akitafuna polepole.

"Ingeweza kuwa mbaya zaidi," akasema.

Groningen hiyo ni sifa kubwa; wapo waliochumbiwa kwa maneno machache kuliko hayo.

"Kwa hiyo osmi?"

"Osmi ni yako, binti. Hakuna wa kukunyang'anya."

Wobbina akavuta pumzi, akajifuta malai kidevuni, akauliza platini, madini ya jirani, ni ya nani.