Kwa hesabu ya kura moja nikamkosa mama

Wakuu, ejok, ndiyo salamu yetu Waturkana. Mimi husoma tu hapa, siandiki. Hii ilinipata mimi mwenyewe na sijaitia chumvi. Niliishia darasa la saba, mnivumilie.

Nakanda chapati katika hoteli ya Mkongo mmoja, kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Nalala hapo hapo.

Kituo changu cha kura ni shule moja nje ya Lodwar. Nilijiandikisha huko pamoja na mama kwa sababu mwaka huo mbuzi wetu walikuwa karibu na hiyo shule. Wengi wetu hujiandikisha hivyo. Halafu mvua ikakosa, mama akahama na mifugo, mimi nikaja kutafuta kazi.

Mama hana simu. Miaka miwili sikuwa nimemwona.

Uchaguzi uliopita, siku moja kabla, nikaomba ruhusa. Mwenye hoteli akacheka. Huniita petit, yaani mdogo.

"Petit, kura yako moja itabadilisha nini? Watu ni mamilioni!"

"Lakini ni haki yangu, kaka."

"Haki ni yako, hesabu inakataa. Hata ukibaki hapa, wa kushinda atashinda."

Nikarudi jikoni. Naona aibu kubishana na mkubwa.

Asubuhi nikakanda unga kama kawaida. Wateja wetu ni wakimbizi, hawapigi kura, kwao ilikuwa siku kama nyingine. Nikajiona mgeni kwetu. Saa nne nikavua aproni, nikapanda lori la mbuzi.

Nilifika saa tisa. Foleni ilikuwa imeisha. Karani akasoma jina langu lote kwa sauti, na wakala mmoja wa chama, mama wa makamo, akainua kichwa.

"Wewe mtoto wa nani?"

Nikamtaja mama.

"Wee! Si alikuwa hapa tangu alfajiri! Ametembea siku mbili. Anasema, mtoto wangu alijiandikisha hapa, atakuja tu. Ameondoka saa saba, mbuzi amewaacha na watoto."

Nikapiga kura. Nikatoka, nikazunguka shule nikitafuta nyayo zake. Watu walikuwa wamekanyaga kote.

Niliyempigia kura alishindwa.

Funzo langu ni hili. Hesabu ya mwenye hoteli ni sawa, sijapata kosa ndani yake. Na bado, siku ile ingerudi, ningeondoka alfajiri. Kile kituo ndicho mahali pekee mama anapojua pa kunitafuta.

Sasa watu wananishauri nihamishe kura yangu hadi Kakuma, eti ni karibu. Wakuu, nyinyi mngehamisha?